Konkuru ya udaktari wa meno: finalisti wa Lubumbashi ajiandae kwa mlango upi?

Finalisti (mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari) wa biolojia-kemia akimaliza Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari Kongo, akiwa na hamu ya kuwa daktari wa meno, kitu cha kwanza anachokimbilia ni rundo la fotokopi za items (maswali ya kuchagua jibu), kisha anaanza kukariri mifupa ya fuvu. Wiki zake nzuri zinaishia hapo. Mitihani ya kuingia katika masomo haya haifanani hata kidogo. Mmoja unapima kemia kwa Kifaransa, mwingine hauna swali hata moja la biolojia, na wa tatu unakuonyesha karatasi iliyokunjwa na kutobolewa, ukisie matundu yatakuwa wapi ikikunjuliwa. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha walimu na vitabu, linganisha milango yenyewe.

| | Konkuru ya kitivo cha Kongo | Mtihani wa ARES, Ubelgiji | NBT, Afrika Kusini | DAT, Marekani |
|---|---|---|---|---|
| Lugha | Kifaransa | Kifaransa | Kiingereza au Kiafrikana | Kiingereza |
| Kinachopimwa | Sayansi za sekondari | Sayansi nne, pamoja na kusoma, kufikiri na maadili | Kusoma, takwimu za kila siku, hesabu | Sayansi, umbo na nafasi, kusoma, hesabu |
| Mashine ya kuhesabia | Soma tangazo la kitivo | Hairuhusiwi | Hairuhusiwi | Ya kwenye skrini, sehemu ya hesabu tu |
| Kinachoangusha wengi | Vipimo na hesabu za moli | Tarehe za makaratasi | Kasi ya kusoma Kiingereza | Sehemu ya maumbo |
| Wakati wa kuufikiria | Mara baada ya Exetat | Mwaka mmoja mapema | Mwaka mmoja mapema | Ukiwa tayari chuoni |

Konkuru ya nyumbani

Kinshasa kuna kitivo kizima cha udaktari wa meno katika UNIKIN (Chuo Kikuu cha Kinshasa), na mwanafunzi wa Lubumbashi anayekitaka ajue kwamba gharama yake kubwa haitakuwa kitabu. Itakuwa ndege na mahali pa kulala. Kila kitivo cha Kongo kinachoweka konkuru (mtihani wa kushindania nafasi) hujitungia maswali yake: kimoja hutoa maswali ya kuchagua jibu, kingine kinataka uandike hesabu yote hatua kwa hatua. Jambo la kwanza la kuuliza sekretarieti ni hilo, kwa sababu aliyezoea items za Exetat anajua kutambua jibu lakini mara nyingi hajui kulijenga.

Meno yenyewe hayaulizwi sana. Hakuna anayetarajia ujue kung'oa gego kabla ya kusajiliwa. Kinachorudi kila mara ni chembe hai, urithi, moli, myeyusho, pH, oksidisho, mwendo, umeme na lenzi. Hapo katikati, kemia ya hesabu ndiyo inayotenganisha watu, na mitego yake inajulikana.

Chukua swali hili: unahitaji mililita ngapi za NaOH ya moli 2 kwa lita ili upate mililita 500 za moli 0,1 kwa lita? Ni 0,1 × 500 ÷ 2, yaani 25. Lakini mtungaji mwerevu ataweka pia 475 kati ya majibu, kwa sababu hayo ndiyo maji ya kuongeza, na aliyesoma swali haraka atayachagua huku akijiamini. Au hili: pH ya HCl ya moli 0,02 kwa lita. Mtu bila mashine anatakiwa ajue kwamba logi ya 2 ni karibu 0,30, halafu atoe: 2 − 0,30 = 1,70. Anayejumlisha anapata 2,30, na jibu hilo nalo lipo linamsubiri. Kariri logi ya 2, ya 3 (0,48) na ya 5 (0,70). Tatu hizo zinatosha karibu kila swali la pH la ngazi hii.

Uzuri wa konkuru hii ni kwamba Exetat imekwisha kukuandaa nusu. Ubaya wake ni muda: kwa kawaida inakuja kati ya matokeo ya Exetat na kufunguliwa kwa chuo, na anayengoja matokeo ndipo aanze kusoma anabaki na wiki chache tu. Anza wiki moja baada ya kuweka kalamu chini.

Ubelgiji kwa Kifaransa

Wengi hawaujui mlango huu, ingawa kwa lugha ndio ulio karibu zaidi nasi. Katika upande wa Kifaransa wa Ubelgiji, udaktari na udaktari wa meno vina mtihani mmoja wa kuingilia unaoandaliwa na ARES, taasisi inayoratibu vyuo vya upande huo. Ni wa kuchagua majibu, una sehemu mbili. Ya kwanza ni biolojia, kemia, fizikia na hesabu. Ya pili ni maandishi: unasoma, unachambua hoja, unapima jambo la maadili au namna daktari anavyozungumza na mgonjwa. Tangu 2023 umekuwa konkuru halisi, maana yake kufaulu peke yake hakutoshi: nafasi zina hesabu, na wasio wakazi wamewekewa kikomo cha asilimia 15.

Sehemu ya pili inadharauliwa sana huku kwetu. Finalisti wa sayansi anadhani Kifaransa chake kinamtosha kwa sababu amekisoma miaka yote. Maswali yale lakini hayapimi kama unakijua Kifaransa. Yanapima kama unaweza kutofautisha kile mwandishi alichosema na kile wewe unachoamini. Majibu mawili yatakuwa ya kweli duniani, ila moja tu ndilo limo katika maandishi. Njia ya kujizoeza ni kuweka kidole juu ya mstari unaothibitisha jibu lako. Ukikosa mstari, jibu hilo si lako.

ARES yenyewe huweka maswali ya miaka iliyopita kwenye intaneti, pamoja na majibu. Hakuna sababu ya kununua fotokopi ya mtu. Hata anayelenga konkuru ya Kinshasa peke yake anapaswa kuyapakua, kwa maana ni mazoezi bora ya sayansi kwa Kifaransa yanayopatikana bure.

Kikwazo kiko kwenye kalenda. Mtihani huwa mwishoni mwa Agosti, Brussels. Diploma ya Kongo inahitaji kutambuliwa na huduma ya ulinganifu ya huko, na maombi ya mwaka huohuo hufungwa 15 Julai. Finalisti aliyefanya Exetat mwezi wa sita anakuta tarehe hiyo iko mlangoni au imekwisha pita kabla hajashika karatasi yoyote ya kuthibitisha kwamba amefaulu, na bado hajagusa suala la viza. Kwa hiyo ushauri wetu ni wazi: usiuweke Ubelgiji kwenye mwaka uleule wa Exetat. Ingia chuo hapa, tumia mwaka huo kuandaa makaratasi, kisha ufanye mtihani Agosti inayofuata huku sayansi ya mwaka wa kwanza ikiwa bado moto kichwani.

Kusini: NBT, na neno moja kuhusu Ndola

Familia nyingi za Lubumbashi zinatazama kusini kabla ya kutazama Kinshasa, na barabara ya Kasumbalesa, mpaka wa kuingia Zambia, ina mchango wake. Afrika Kusini kuna vyuo vinne vya udaktari wa meno: Wits, Pretoria, Western Cape na Sefako Makgatho. Kozi ni ya miaka 5. Baadhi ya vyuo, si vyote, hudai mtihani wa NBT (National Benchmark Tests, unaopima utayari wa kuingia chuo) juu ya alama za sekondari, kwa hiyo thibitisha na chuo unachokiomba kabla ya kulipa.

NBT ina karatasi mbili za saa 3 kila moja. AQL inapima kusoma kwa kiwango cha chuo na kuelewa namba za maisha: majedwali, asilimia, grafu. MAT ni hesabu tupu: aljebra, fonksyo (functions) na grafu zake, trigonometria, jiometria. Biolojia haimo. Kemia haimo. Finalisti wa biolojia-kemia aliyetumia miezi mitatu kwenye chembe hai anaingia ndani na silaha isiyo na risasi, huku mwenzake wa hesabu-fizikia akitembea kifua mbele.

Hesabu unayoijua inabadilika sura pia. Ulichoandika tg wao wanaandika tan. Intervali wazi (namba zote kati ya mbili) uliyozoea kuiandika ]2, 5[ wanaiandika (2, 5), na kwa macho yetu hiyo inafanana na nukta kwenye grafu. Mtu anakosa swali analolijua kwa sababu hiyo tu. Tenga siku mbili mwanzoni, andika alama zote kwenye safu mbili, Kifaransa na Kiingereza, na usitafsiri tena kichwani.

Jipime kabla ya kulipa. Chukua makala ya Kiingereza ya maneno 800, weka saa, soma, funga, andika hoja tatu kuu. Ukizidi dakika 5, au ukishindwa kutaja hoja mbili, tatizo lako si NBT. Ni Kiingereza, na kitabu cha mazoezi ya NBT hakitakutibu. Miezi 6 ya kusoma kurasa 5 kila siku itakusaidia kuliko kozi ya wiki 3.

Makaratasi: diploma hutathminiwa na SAQA (mamlaka ya vyeti ya Afrika Kusini), na kuna cheti cha msamaha wenye masharti wa matric (cheti cha kumaliza sekondari cha huko) kutoka USAf, umoja wa vyuo vikuu vya nchi hiyo. Mwaka wa masomo unaanza Januari au Februari, na maombi ya vitivo vya afya kwa kawaida hufungwa katikati ya mwaka uliotangulia.

Kwa anayetaka Kiingereza bila kwenda mbali, Copperbelt University inafundisha udaktari wa meno Ndola, ng'ambo kidogo tu ya mpaka. Hapo kinachoamua ni alama za sekondari, na vyeti vya kigeni hupitia ZAQA, mamlaka ya vyeti ya Zambia. Usinunue kitabu chochote cha mtihani. Nunua mwalimu wa Kiingereza.

DAT, au kwa nini usikimbilie Marekani

Kitabu cha DAT, mtihani wa kuingia shule za meno za Marekani, kinapita mikononi mwa wanafunzi kama almasi, na kila mara kwa mtu asiye wake. Shule za meno za Marekani ni za miaka 4 *baada* ya chuo, na wengi wanaoingia wamemaliza digrii ya kwanza. Mwenye Exetat mkononi hana mahali pa kupeleka alama za DAT. Asome licence (digrii ya kwanza) kwanza.

Kwa aliyeko chuoni tayari, hesabu ya dakika ni hii: sayansi maswali 100 kwa dakika 90 (biolojia 40, kemia ya jumla 30, kemia ya kaboni 30), maumbo maswali 90 kwa dakika 60, kusoma 50 kwa dakika 60, hesabu 40 kwa dakika 45. Gawanya utaona: sekunde 54 kwa swali la sayansi, 40 tu kwa swali la umbo. Jibu lenye kosa halikatwi pointi, kwa hiyo usiache duara tupu. Tangu Machi 2025 alama zinatolewa kati ya 200 na 600. Kitabu kinachozungumzia alama 1 hadi 30 ni cha zamani, ingawa sayansi yake haijaoza.

Sehemu ya maumbo ina aina sita, maswali 15 kila moja: tundu na kitu kinachopita ndani yake, kitu kinavyoonekana kutoka juu, mbele na ubavuni, kupanga pembe kutoka ndogo hadi kubwa, karatasi iliyokunjwa na kutobolewa, kuhesabu vipande vya mchemraba, na kukunja karatasi bapa iwe umbo. Hakuna shule ya Haut-Katanga inayofundisha hilo. Habari njema ni kwamba linafundishika kwa vitu vya nyumbani.

Kwa mchemraba, tumia sukari ya vipande. Jenga rundo la vipande 12 hadi 15. Maswali husema rundo limepakwa rangi pande zote isipokuwa chini, kisha huuliza ni vipande vingapi vina nyuso mbili zenye rangi, vingapi vina tatu. Usihesabu kwa kila swali upya. Chora jedwali moja lenye safu 0, 1, 2, 3, 4, 5, pita kila kipande mara moja tu, weka alama kwenye safu yake, na mwisho hakikisha jumla inalingana na idadi ya vipande. Kosa la kawaida ni kusahau vilivyofichwa: kipande kilicho juu hakielei hewani, kwa hiyo chini yake kuna kingine hata kama hukioni.

Kwa karatasi, chora mraba wa vyumba 16, nne kwa nne. Kunja hadi mara 3, toboa kwa ncha ya biki, halafu *kabla ya kukunjua* tia alama unapodhani matundu yatakuwa. Kunjua kinyume, mkunjo wa mwisho kwanza. Kila mkunjo ni kioo. Fanya 10 kwa siku kwa wiki 3. Kwa pembe hakuna kanuni, kuna jicho tu: linganisha mbili mbili, anza na ndogo kabisa na kubwa kabisa, maana mara nyingi hizo mbili peke yake zinaondoa majibu mawili au matatu.

Na angalia koma. Mmarekani akiandika 1,250 anamaanisha elfu moja mia mbili na hamsini.

Mwalimu, kikundi, simu au peke yako?

Hapa watu huuliza kipi ni bora, kama vile ni soko la Kenya la hapa Lubumbashi na kila kitu kina bei yake ya haki. Jibu limo kwenye makosa yako. Fanya maswali 40 ya mtihani uliouchagua, kwa saa. Sahihisha, kisha kila kosa liingie kwenye daftari lenye safu tatu: *sikujua*, *nilijua ila nilikosea hesabu*, *sikusoma swali vizuri*. Safu iliyojaa zaidi ndiyo inayochagua njia.

Ikijaa ya kwanza, tafuta mwalimu wa ripetisyo (masomo ya ziada). Uliza bei kwa saa, si kwa mwezi, kwa sababu mwezi wa wengine una Jumamosi mbili. Mpime: mpe items 5 azitatue mbele yako kwa sauti. Akikupa jibu bila kueleza kwa nini mengine ni mabaya, ana karatasi ya majibu kichwani na hana zaidi. Darasa la watu 30 ni rahisi kwa mfuko lakini linaenda kwa mwendo wa silabusi, halitasimama kwenye shimo lako. Wiki 4 za mwalimu wa kemia peke yake, saa mbili mara mbili kwa wiki, zinazidi miezi mitatu ya darasa la kila somo.

Ikijaa ya pili, mwalimu ni hasara. Unachohitaji ni kurudia peke yako, kwa saa, bila mashine. Maswali 20 kila asubuhi, na yaliyokosewa yanarudi baada ya siku 2, kisha 7, kisha 15. Kadi za karatasi kwenye katoni ya viatu yenye vyumba vitatu zinafanya kazi hii. AnkiDroid inafanya vilevile kwenye simu ya Android, bure, bila mega (data) baada ya kupakua.

Ikijaa ya tatu, unda kikundi. Watu 4, wasizidi 5. Kila mmoja anatunga maswali 10 kwa wiki, na kila jibu potofu liwe na sababu: kosa gani linampeleka mtu pale? Aliyetunga mtego hausahau. Vikundi hufa kwa namna moja: mjuzi mmoja anageuka mwalimu, wengine wanatikisa kichwa. Dawa ni kwamba aliyekosea ndiye anayeeleza ubaoni, mjuzi ananyamaza.

Simu inafaa ikiwa imeandaliwa kabla ya delestaji (mgao wa umeme). Khan Academy, tovuti ya masomo, ipo kwa Kifaransa, na programu ya Kiwix inakuwezesha kusoma Wikipedia ya Kifaransa bila mtandao. Pakua siku ya umeme, chapisha maswali ya ARES kwenye karatasi, na kisha zima data kabisa. Anayesema anajifunza huku WhatsApp iko wazi anajidanganya. Na zile fotokopi za items zenye majibu yaliyotiwa mviringo kwa mkono, zitumie kama maswali, kamwe si kama majibu. Kosa moja la mwaka fulani limekwisha kunakiliwa mara mia.

Kuhusu kubahatisha, soma maelekezo kwanza. Mtihani wenye majibu 5 unaokata robo pointi kwa kosa unafanya kubahatisha gizani kuwa sifuri kwa sifuri: moja ya tano unapata 1, nne za tano unapoteza robo. Ukiweza kufuta jibu moja tu kwa uhakika, bahati inageuka upande wako. Ukikuta hakuna makato, jaza yote.

Jambo la mwisho ni fomu. Sisi tuna jina, postnomu (jina la pili) na jina la ubatizo. Fomu za kigeni zina nafasi mbili tu. Chukua pasi ya kusafiria, nakili jinsi ilivyoandikwa, herufi kwa herufi, na utumie mpangilio uleule kwenye maombi ya chuo, kwenye ulinganifu wa diploma na kwenye usajili wa mtihani. Diploma ikiwa na herufi moja tofauti na pasi, anza kuisahihisha leo, kabla ya kununua kitabu, kwa sababu mlangoni pa chumba cha mtihani wanaangalia kitambulisho kwanza, na asiyelingana na orodha anabaki nje na ada yake hairudi.